Tundu Kwanza, Rangi Baadaye

Hotuba kwa wapangaji na wanachama wa kikundi cha akiba, Walukuba, Jinja

Mwenyekiti wetu wa baraza la mtaa, LC 1, shehe na mchungaji mliotuheshimu kwa kuja, akina mama wa kikundi, wazee wangu, na ninyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo? Nashukuru.

Niliombwa nizungumzie maua ya barazani. Nilikubali, ila nikamwambia katibu wenu mapema kwamba maneno yangu mengi yatahusu vyombo. Mimi nauza miche kando ya barabara, na mteja anayenirudia kwa hasira huwa na kesi ileile. Alinunua mche mzima, akaupanda katika chombo kizuri alichokuwa nacho ndani, akaumwagilia kila siku kwa mapenzi, na sasa umeoza. Anataka hela yake. Namuuliza swali moja tu: chombo kilikuwa na tundu chini? Hapo kesi inakwisha.

Kwa hiyo nitakayosema leo yote yanazunguka tundu. Chombo cha mapambo kilitengenezwa kikae sebuleni kikiwa kikavu, kitazamwe. Ukikitoa nje ukakitia udongo na maji, umekipa kazi ambayo fundi wake hakuiwaza. Kinaweza kuifanya, tena vizuri, lakini sharti ukitayarishe. Wengi huanza na rangi. Wananunua kopo la rangi, wanapaka, wanapiga picha, wanaituma kwenye WhatsApp, wanapongezwa, na mwezi ukiisha mmea umekufa ndani ya chombo kinachong'aa.

Hebu kila mtu apite nyumbani kwake kwa mawazo. Juu ya kabati kuna beseni la enameli, lile jeupe lenye ukingo wa buluu na waridi katikati, ambalo mama alipewa alipoolewa. Limechubuka, halitumiki, na hakuna anayethubutu kulitupa. Nyuma ya mlango kuna sigiri iliyopasuka. Jikoni kuna sufuria iliyozibwa na mafundi hadi wenyewe wamekataa kuigusa tena. Sebuleni kuna lile kabati refu lililobeba televisheni ya mgongo mkubwa. Televisheni ya siku hizi inaning'inia ukutani, kabati limebaki na vumbi na vyeti vya watoto. Na juu ya kabati kuna vesi ya maua ya plastiki. Naona mnacheka. Maua yale yameoshwa kwa sabuni kila Krismasi na kila Idi mpaka rangi imehama. Vesi ndiyo mali, maua yenyewe yamekwisha kula chumvi nyingi.

Nianze na beseni, maana nimekuja nalo. Nina msumari wa inchi nne, nyundo, na kipande cha mbao. Sogeeni mwone. Wengi hulipindua beseni kifudifudi wakagonga msumari kutoka nje kwenda ndani. Tundu linapatikana, lakini bati linapinda kuelekea ndani, na kulizunguka tundu kunabaki ukingo mdogo uliosimama. Maji yote yaliyo chini ya ukingo ule hayana njia ya kutoka. Yanakaa pale, na mizizi inaoza. Basi liweke beseni juu ya mbao likitazama juu, gonga kutoka ndani kwenda nje. Ukingo ubaki upande wa nje, uwe kama mdomo wa kumwagia. Kabla ya kugonga, bandika utepe wa gundi mahali penyewe ili vipande vya enameli visiruke, na vaa miwani, hata kama ni ya jua.

Tundu moja halitoshi. Beseni la kawaida lipe matundu sita au saba. Halafu, kabla hujatia hata konzi ya udongo, mimina kikombe cha maji ndani uangalie. Mabeseni yetu yamebondeka kwa miaka ya kazi, chini hapako sawa. Utaona maji yamebaki kidimbwi upande mmoja. Hapohapo ndipo pa kutoboa tena. Kipimo hiki hakichukui dakika mbili, na kingewaokolea watu pesa nyingi wanazoniletea mimi. Pale enameli ilipobanduka patashika kutu. Paache. Kutu ya chuma haiui mmea, na beseni litakutumikia miaka kadhaa kabla ya kuchoka.

Lakini mkiniambia nichague chombo kimoja tu katika nyumba nzima, nitachagua sigiri iliyozeeka. Fundi wa sigiri alikwisha nifanyia kazi yote bila kujua. Katikati pana lile chekeche linalokaa mkaa, chini yake chumba cha majivu, na mbele mlango wa hewa. Maji yanashuka kwenye matundu, yanatoka mlangoni. Mizizi inapata hewa kutoka chini, jambo ambalo vyungu vingi vya kununua vya bei kubwa havilitoi. Hata miguu inayo, haigusi sakafu. Kama udongo wake wa ndani umepasuka, ufa huo ni njia nyingine ya maji. Shida yake ni moja, majivu. Majivu hugeuza udongo ukawa na hali ya magadi, na yakizidi mimea mingi hudumaa, majani hugeuka manjano. Ikung'ute, isugue kwa brashi, kisha iache nje mvua ya siku mbili tatu iioshe. Baada ya hapo panda chochote. Binafsi napenda kuweka mnanaa ndani ya sigiri, kwa sababu mnanaa ukiuachia ardhi unatawala shamba lote, na humo umefungwa.

Sufuria iliyotoboka haihitaji hotuba. Mtumbue matundu machache zaidi, basi. Jihadharini tu na jua: chuma na alumini hushika joto, na mizizi iliyo pembeni hupikwa. Sufuria iwekwe upande wa jua la asubuhi, au uweke chombo kingine ndani yake ili kati ya viwili kubaki hewa.

Mitungi ya maji ya bibi zetu ni habari nyingine. Udongo uliochomwa bila kupakwa vanishi hupumua. Maji hupenya polepole hadi nje, ndiyo maana yalikuwa baridi tulipoyanywa, na ndiyo maana mmea ulio ndani ya mtungi hauozi upesi. Kuutoboa kunataka subira. Uloweke usiku kucha, tumia drili yenye keke ya kutobolea ukuta, zima ile hali ya kugonga, zungusha taratibu huku mwenzako akidondosha maji. Ukiharakisha utabaki na vigae. Na hapa naomba nieleweke: mtungi mzima, unaotunza maji, usiutoboe kwa ajili ya ua. Hii tabia ya kuharibu kitu chenye kazi ili kionekane cha mapambo siipendi hata kidogo. Tafuteni uliovunjika mdomo au unaovuja. Uliovunjika mdomo, ulaze ubavu, panda mmea unaotambaa, umwagike kutoka mdomoni kana kwamba umeusukuma wewe. Vigae vyake navyo usivitupe, vinafaa kufunika matundu ili udongo usitoroke.

Vesi zina tabu ya shingo. Shingo ikiwa nyembamba kuliko tumbo, mizizi ikijaa hutoi mche bila kuvunja chombo. Na vesi za kaure zilizong'arishwa zinataka keke maalumu ya kutobolea vigae vya sakafu, si kila fundi anayo. Njia rahisi ni kutotoboa kabisa. Mche uache ndani ya kikopo chake cha plastiki chenye matundu, weka mawe mawili matatu chini ya vesi, kisha kitumbukize kikopo juu yake. Ukimwagilia, toa kikopo, acha kichuruze, rudisha. Hivyo hivyo kwa kitu chochote cha urithi ambacho roho yako inakataa kukitoboa.

Mbao. Hapa tuko Busoga, nchi ya mvule, na wengi wetu bado tuna makabati ya zamani ambayo wazee walichongesha kwa mvule halisi. Droo ya mvule ukiigeuza kuwa kitalu cha mboga itadumu, maana mbao hiyo hustahimili maji na mchwa. Lakini yale makabati mapya ya dukani, yaliyotengenezwa kwa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi na kufunikwa karatasi ya mchoro wa mbao, yakilowa hufura yakamomonyoka. Msimu mmoja wa mvua hayamalizi. Utajuaje? Tazama ukingo wa nyuma ambapo karatasi haikufika. Ukiona nyuzi za mti, heri. Ukiona chembechembe, achana nalo. Droo nzuri itandike nailoni nene ndani, toboa nailoni na mbao kwa pamoja, na iinue juu ya matofali ili hewa ipite chini na mchwa wasipate ngazi. Kuhusu vipande vya nguzo za umeme ambavyo watu huviokota na kuvichonga: mbao zile huloweshwa dawa zisiliwe na wadudu, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Kama ni maua, sawa. Mboga, hapana.

Na hapa niseme juu ya vitu ambavyo havitakiwi kabisa, bila kuzunguka. Televisheni ile ya mgongo: kuna watu wanaifungua, wanatoa matumbo, wanapanda maua ndani ya sanduku. Picha zake zinapendeza. Lakini kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi, na ndani ya televisheni kunaweza kubaki umeme hata baada ya kuchomoa waya. Msiifungue. Jerikeni iliyobeba dawa ya shamba, hata ukiiosha mara saba, haipandwi chakula wala haibebi maji ya watoto. Na rangi ya zamani inayobanduka kama magamba kwenye fremu, viti na makopo, mara nyingi ina risasi vilevile. Madhara ya risasi kwa watoto ni kwenye ubongo, na hayarudi nyuma. Usiikwangue kavu barazani watoto wakicheza pembeni, vumbi lake ndilo baya zaidi. Ilowanishe kwanza, kusanya mabaki, na chombo hicho kiwe cha maua tu. Kwa mboga tumieni vile ambavyo mnajua historia yake: ndoo iliyokuja na mafuta ya kupikia, mtungi, beseni ambalo bado linang'aa ndani.

Sasa tuingie ndani ya chombo. Hapa nitagombana na baadhi yenu. Ni nani aliyefundishwa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite vizuri? Nyosheni mikono. Karibu wote. Nimekuja na sponji ya kuoshea vyombo. Naichovya ndani ya maji, naitoa, nailaza bapa juu ya kiganja. Inachuruza, inachuruza, imenyamaza. Haidondoshi tena. Sasa naisimamisha wima. Mmeona? Maji mengine yametoka. Sponji ni ileile, sijaikamua. Udongo hufanya hivyohivyo: sehemu ya chini hubaki imejaa maji, na maji hayo hayashuki kwa urahisi kutoka udongo mwembamba kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Ukiweka kokoto, hujayaondoa maji, umeyapandisha juu karibu zaidi na mizizi, na umepunguza kina cha chungu. Weka kigae kimoja au kipande cha wavu wa dirisha juu ya tundu, basi. Kokoto zirudi barabarani.

Somo la pili la sponji ni kina. Chombo kipana na kifupi hukaa na maji kuliko kirefu. Kwa hiyo beseni fupi lisipewe mimea ya jangwani kama shubiri isipokuwa umechanganya mchanga mwingi. Mboga kama dodo, yaani mchicha, nakati na kitunguu cha majani hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Nyanya inataka 30. Ukiipanda kwenye bakuli itakupa majani na huzuni.

Udongo wenyewe usiuchimbe nyuma ya nyumba ukaujaza hivyo hivyo. Udongo wetu mwekundu ukifungiwa chomboni na kumwagiliwa hushikana, ukikauka unakuwa tofali. Mimi nachanganya makopo mawili ya udongo wa juu, kopo moja la samadi iliyooza, na kopo moja la mchanga mkubwa wa kujengea. Mwenye jamaa kwenye mashine ya mpunga au ya kahawa, amwombe pumba na maganda, yanafanya udongo uwe mwepesi. Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi. Iache ioze miezi miwili mitatu mpaka harufu iishe.

Au usitafute samadi kabisa. Tunapika matoke kila siku, maganda yanatoka gunia kwa gunia. Mwenye mbuzi ana pa kuyapeleka, wengine tunayatupa. Yakatekate, changanya na majani makavu, funika kwa gunia kuukuu, geuza kila wiki. Baada ya miezi miwili mitatu unapata mbolea nyeusi yenye potasiamu nyingi, ambayo mimea inayotoa maua huipenda. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watu huja kuniambia kwamba kugeuza beseni kuwa chungu ni kuokoa mazingira. Tusijidanganye. Mnakumbuka Agosti 2024, jalala la Kiteezi la taka za Kampala lilipoporomoka likafukia nyumba zikiwa na watu ndani, wakafa zaidi ya 30. Mlima ule haukujengwa na mabeseni ya enameli. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula. Kama kuna kitu barazani kwako kinachopunguza mzigo wa jalala, ni kile kilicho ndani ya chombo. Chombo chenyewe ni furaha yako, na furaha nayo si haba.

Kuning'iniza. Vijana mnapenda kuning'iniza, na nawaelewa, maana vibaraza vyetu ni vyembamba na mtu lazima apite. Kiunzi cha kivuli cha taa, ukikivua kitambaa chake na kukitandika gunia la kahawa, kinakuwa kikapu kizuri mno, na gunia linapitisha maji lenyewe. Lakini pimeni uzito. Lita 10 za udongo uliolowa zinaweza kupita kilo 15. Ndoano ishikwe na mbao ya paa, si ubao wa dari, na asipite mtoto chini yake. Na kama umepanga, mwombe mwenye nyumba kabla hujatoboa. Hilo sitalirudia.

Kiti kilichopoteza kikalio ni rahisi kuliko vyote: tumbukiza beseni pale palipokuwa na kikalio, kazi imekwisha. Pasi ya mkaa inatosha mmea mmoja mdogo wa jangwani, na matundu yake ya hewa yapo tayari ubavuni. Toboa mawili chini, ukiweza kupata fundi wa drili, maana lile bamba ni nene. Fremu za picha zinazopandwa mimea na kutundikwa ukutani nimeziona. Zinataka kazi nyingi na zinakauka upesi. Asiye na muda aziache.

Mahali pa kuweka. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Jua letu la adhuhuri mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, kwa hiyo baraza iliyokuwa kivulini nusu ya mwaka inaweza kupigwa na jua nusu nyingine. Vyombo vidogo vina faida hiyo, unavihamisha. Baraza inayotazama mashariki ndiyo bora kwa miche mingi. Ya magharibi hupata lile jua kali la saa tisa, weka humo shubiri, bogenvilia na rozimari, usiweke begonia. Na kuna jambo ambalo watu hulisahau kila mwaka: mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba haziingii barazani. Bati limefunika. Nje kunanyesha mpaka mitaro inafurika, na chungu chako kimekauka kwa kiu ukikitazama. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilia, hata kama unasikia ngurumo. Wala usikimbilie kukipanga chungu pale matone ya ukingo wa bati yanapoangukia. Matone yale huchimba udongo na kuvunja miche.

Sasa mbu, na hapa Bwana Afya angenisaidia kama angefika. Visahani vinavyowekwa chini ya vyungu hushika maji. Uganda hii ina msitu mdogo karibu na Entebbe uitwao Zika, ambapo mwaka 1947 watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walikigundua kirusi ambacho leo dunia nzima inakiita kwa jina la msitu huo. Kirusi hicho hubebwa na mbu wa jamii ya Aedes, na Aedes aliyezoea miji yetu hutaga mayai kwenye vyombo vidogo: kopo, tairi, kisahani cha maua. Mayai yake hustahimili ukavu miezi kadhaa yakiwa yamegandia pembeni, na maji yakirudi yanaanguliwa, wiki moja au siku 10 mbu amekwisha kuruka. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kisahani kwa brashi kila Jumamosi, au ukijaze mchanga usiobakisha maji juu. Tairi usiliweke kabisa kama hujalitoboa chini sehemu kadhaa.

Ya kupanda mnayo wenyewe mtaani. Mimi ni mfanyabiashara, lakini nawaambia ukweli: koleasi, begonia, mchaichai na ule mmea unaotambaa ambao mjini wanauita mani planti, vyote hupatikana kwa kumwomba jirani tawi au kishina. Njoni kwangu kwa yale mliyokosa. Wenye watoto wanaotambaa, jihadharini na difenbakia, yale majani makubwa yenye madoa meupe. Utomvu wake huvimbisha mdomo na ulimi. Iwekwe juu au isiwekwe.

Na rangi, hatimaye. Paka nje tu, tumia rangi ya mafuta kwenye chuma, na mtungi wa udongo uuache kama ulivyozaliwa. Kama vyombo vyako ni vya kila namna, sigiri, beseni, droo, ndoo, chagua rangi moja na uipake yote, vitapatana. Rangi nyepesi hupunguza joto. Na tafadhali, viwe vichache. Baraza yenye vyombo vitano vilivyotunzwa inamfanya mpita njia apunguze mwendo. Yenye vyombo arobaini anadhani kuna mtu anahama. Mlango ubaki wazi, na mzee apate pa kuweka kiti chake jioni.

Nimemaliza ya mdomo. Mlioleta vitu, vileteni hapa mbele kivulini, nyundo ziko mbili na mbao ya kugongea ni hii. Tutaanza na mama mwenye sigiri, kisha mabeseni. Wewe kijana mwenye droo, igeuze nyuma tuone ukingo wake kwanza. Na ile televisheni, mzee wangu, hiyo nakuomba urudi nayo nyumbani.